Kutwika na Kutua: Habari za Mzigo na Chuma katika Nchi ya Kasese na Bwera

Kijana wa Kasese anayetaka kufanya mazoezi ya nguvu nyumbani kwake, na ambaye hana fedha za kuagiza vyombo vya dukani kutoka Kampala, hana budi kumwendea fundi wa kuchomelea, yule yule atengenezaye mageti, fremu za madirisha na vitanda vya chuma, akamweleza kwa mikono na kwa mchoro kwamba anahitaji nguzo mbili zilizosimama imara, zenye ndoana kwenye kimo cha kifua, ambazo juu yake utalazwa mtaimbo wenye vyuma kila upande, ili apate kuingia chini yake, autwae mabegani, achuchumae na kuinuka, kisha aurudishe mahali pake. Chombo hicho huitwa stendi, na kwa kukitazama tu mtu aweza kudhani kwamba ni jambo geni, lililoletwa juzi na picha za simu. Mimi sikubaliani na dhana hiyo. Swali ambalo stendi hulijibu, yaani nani atamtwika mtu mzigo unaomzidi mikono yake na nani atamtua akichoka, liliulizwa chini ya Milima ya Rwenzori muda mrefu kabla ya kuwapo fundi wa kuchomelea, na wale walioliuliza hawakuwa wakifanya mazoezi.

Mzigo wa kwanza unaostahili kutajwa ni chumvi. Ziwa Katwe, lililomo ndani ya shimo la volkeno iliyozimika, kando ya Ziwa Edward, lilikuwa hazina ya nchi yote ya magharibi kabla ya dola za Ulaya kufika. Bunyoro na Toro ziligombania kulimiliki. Msafiri Stanley alipita hapo mwaka 1889 akielekea pwani pamoja na Emin Pasha. Na Lugard, afisa wa Kiingereza, alipofika mwaka 1891, hakukawia kujenga ngome aliyoiita Fort George, kwa kuwa alitambua kwamba mwenye kuishika chumvi ile ameishika biashara ya mataifa yote yanayoizunguka. Watu wa milimani, wachungaji wa Nkore, wakulima wa Toro na jamaa wa ng'ambo ya Ziwa Edward, wote waliihitaji, nayo ilisafiri kwa mitumbwi hadi pale maji yalipokoma, kisha ikapanda vichwani na migongoni mwa watu, kwani hapakuwa na punda wala gurudumu katika njia zile.

Kwa watu wa pwani, ambako ndiko lugha hii ilikolelewa, mzigo wa mpagazi wa msafara ulipimwa kwa farasila, na farasila mbili, yaani kiasi cha ratili 70, zilihesabiwa kuwa mzigo kamili wa mwanamume mwenye siha njema. Serikali za kikoloni zilikuja kuushusha hadi karibu na ratili 60, na hesabu hiyo ikawa kama sheria ya safari katika Afrika ya Mashariki nzima. Lakini mtu akiyatafakari mambo hayo kwa makini ataona kwamba taabu ya ratili 70 si kutembea nazo tu. Mtu aliyezoea aweza kutembea nazo kutwa. Hatari ipo mara mbili katika kila mwendo: pale zinapotoka chini kwenda juu ya mwili, na pale zinapotoka juu ya mwili kurudi chini, maana hapo ndipo mgongo hupinda, ndipo mguu huteleza, ndipo shingo hupata dhara. Ndiyo sababu wapagazi walitwikana wao kwa wao, na kila kituo cha mapumziko kilichaguliwa, ilipowezekana, mahali penye kichuguu, jiwe au mti wa kuegemeza.

Wakonzo, ambao ndio wenyeji wa mabonde ya Rwenzori, walikuwa na njia yao, na njia hiyo inafaa kuelezwa kwa utaratibu kwa sababu ndani yake limo zoezi lenyewe tunalolizungumza. Wao hubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Mzigo huwekwa chini au juu ya ukingo wa mteremko. Mbebaji huchutama huku ameupa mgongo, huuvaa ukanda, hukaza shingo, kisha huinuka kwa nguvu za mapaja na nyonga, kifua kikielekea mlimani na nyayo zikiwa bapa ardhini. Hapana mkono wowote unaonyanyua hapo. Yule mtu anayejifunza leo kuchuchumaa na mtaimbo mabegani, akaambiwa aisimamishe shingo yake, asinyanyue visigino, na aanze kuinuka kwa nyonga wala si kwa kiuno, hufundishwa jambo ambalo bibi wa Kikonzo ashukaye na kuni kutoka msituni alilijua tangu utotoni bila ya mwalimu.

Kwa ukanda huo ndivyo Rwenzori ilivyofunguliwa kwa macho ya dunia. Luigi Amedeo, Dyuki wa Abruzzi, alipoongoza safari yake ya mwaka 1906 na kufika juu ya kilele cha Margherita, chenye kimo cha mita 5,109, tarehe 18 Juni, alifuatana na viongozi wa milima wa Kiitalia, mpigapicha stadi Vittorio Sella, na vyombo vya elimu vya kila namna. Na vitu hivyo vyote, pamoja na hema na chakula, vilipanda katika matope na miti ya ukungu kwa migongo ya wapagazi, na katika mabonde ya juu kazi hiyo ilikuwa ya Wakonzo. Vilele vikuu vikapewa majina ya malkia, wana wa wafalme na wasafiri wa Ulaya. Hadi leo mgeni apandaye kutoka Ibanda hubebewa vitu vyake na vitukuu vya watu hao, nami naona kwamba nchi iliyotoa migongo ya namna hiyo inastahili kuhesabiwa katika tarikhi ya nguvu za mwili, hata kama hakuna aliyeiandika humo.

Mzigo wa chumvi ulikuwa wa biashara, na mzigo wa mlimani ulikuwa wa ujira. Ulikuwapo na wa tatu, wa shuruti. Katika miaka ya mwanzo ya himaya ya Uingereza, watu wa Uganda walilazimishwa kufanya kazi za serikali, upagazi ukiwa miongoni mwazo, kwa utaratibu ulioitwa kasanvu, ambao ulifutwa mwaka 1922. Na Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, maelfu walichukuliwa kubeba risasi na vyakula nyuma ya majeshi, wengi wakafa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi zenyewe. Bwera, iliyo mpakani na Kongo, ilikuwa katika hali ya pekee. Mkataba wa mwaka 1910 uliokata mipaka ya Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani uliwatenga Wakonzo wa upande huu na ndugu zao Wanande wa upande wa Kongo, na mto Lhubiriha, ambao jana yake mtu aliuvuka kwenda kumjulia hali shangazi yake, ukawa ukingo wa dola. Hata hivyo mizigo haikukoma kuvuka. Mpaka leo pale Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi, ndizi, maharage, kahawa, mafuta ya mawese na vitenge hupita mchana kutwa kwa vichwa, kwa baiskeli na kwa malori, na Kiswahili ndicho kinachoamua bei.

Sasa nije kwenye chuma chenyewe, ambacho kililetwa bondeni na shaba.

Shaba ya Kilembe ilijulikana kwa wapimaji wa ardhi tangu kabla ya Vita vya Pili, lakini haikuweza kuchimbwa kwa faida maadamu njia ya kuitoa haikuwapo. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950 kwa mtaji wa Wakanada. Reli ikaletwa kutoka Kampala hadi Kasese, ikafika mwaka 1956. Na mwaka huo huo mgodi ukaanza kutoa mali. Mawe yaliyosagwa yalishuka kutoka bonde la Nyamwamba hadi stesheni ya Kasese, yakapakiwa kwenye mabehewa kwenda Jinja, ambako tanuru la kuyeyushia lilitumia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na kutoka Jinja shaba ikaenda Mombasa na baharini. Kasese, ambayo kabla ya hapo haikuwa mji wa kutajwa, ikawa mwisho wa reli ya magharibi, na wanaume wa kila kabila wakaijia kutafuta kazi.

Naomba msomaji alitazame jambo hili kwa upande ambao haukutazamwa sana. Katika muda wa miaka michache tu, bonde lililojua chuma kwa kadiri ya majembe, mapanga na mikuki ya wahunzi lilijazwa reli, mihimili, mabomba, minyororo, magurudumu, winchi na mitaimbo. Na mgodi hauwezi kuendeshwa hata kwa wiki moja bila ya karakana, wala karakana bila ya watu wanaojua kukata, kunyoosha, kutoboa na kuchomelea. Ikawa mtoto wa mkulima wa kahawa huko Bwera, ambaye babu yake alibeba chumvi kwa ukanda wa paji la uso, aweza kujifunza kusoma rula ya chuma na kushika fimbo ya kuchomelea. Ndani ya mgodi, mzigo ulikuwa juu ya magurudumu. Mabega ya mtu yalipumzika kwa mara ya kwanza, ingawa mapafu yake hayakupumzika.

Mgodi ulipita mikononi mwa serikali katika miaka ya 1970, vipuri vikaadimika, bei ya shaba duniani ikaanguka, na mwaka 1982 uchimbaji ukakoma. Mwaka huo huo Charles Mumbere, aliyeurithi uongozi wa harakati ya Rwenzururu kutoka kwa baba yake Isaya Mukirane, alishuka mlimani na kuziweka silaha chini, vita vya Wakonzo na Waamba dhidi ya utawala wa Toro vikafikia mwisho baada ya miaka 20. Mwishoni mwa miaka ya 1990 treni nazo zikaacha kufika Kasese. Kampuni ya kobalti ilianza mwaka 1999 kusafisha mabaki ya mgodi, nayo baadaye ikafunga. Na mto Nyamwamba, uliofurika mwezi wa Mei mwaka 2013, kisha tena mwaka 2020, ulibomoa nyumba, madaraja na sehemu za hospitali ya Kilembe. Lakini chuma kilichoingia bondeni hakikuondoka chote, na ujuzi wa kukichomelea haukuondoka kabisa.

Huko ughaibuni, wakati Kilembe ilipokuwa bado msitu, watu wa michezo ya nguvu walikuwa wakihangaika na tatizo lile lile la wapagazi. Kabla ya stendi, mtu hakuweza kuchuchumaa ila kwa uzito alioweza kuuinua mwenyewe kutoka ardhini hadi mabegani, na kwa kuwa mapaja yana nguvu kuliko mikono, mapaja hayakupata kamwe mzigo unaoyafaa. Mjerumani Henry Steinborn, maarufu kwa jina la Milo, aliyejizoeza sana alipofungwa kambini Australia wakati wa Vita Kuu, alipata hila: aliusimamisha mtaimbo wake wima juu ya ncha moja, akajiinamisha chini yake, akauacha umwangukie mabegani kwa ubavu, akachuchumaa, akainuka, kisha akaurudisha kwa njia ile ile; alipohamia Marekani mwaka 1921 watu walistaajabu kumwona akifanya hivyo kwa zaidi ya ratili 500. Ni ushujaa mkubwa, lakini si mtindo wa kufundishia watoto wa watu. Katika miaka ya 1930, Mark Berry, mhariri wa jarida la Strength, pamoja na mfuasi wake J. C. Hise, walieneza imani kwamba kuchuchumaa kwa uzito mwingi ndiko kunakojenga mwili mzima, na imani hiyo ikadai nguzo za kuegemezea. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bob Hoffman wa kampuni ya York akauza kizimba chenye nguzo nne na matundu ya kupitishia vyuma vya kuzuia, na tangu hapo umbo la chombo hiki halikubadilika sana. Shirikisho la kimataifa la powerlifting lilipoundwa mwaka 1972, kuchuchumaa kukawa moja ya mashindano yake matatu.

Mwaka huo wa 1972 una sifa nyingine kwetu, maana ndio John Akii-Bua alipoipatia Uganda nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, kwa kukimbia mita 400 za viunzi mjini Munich kwa sekunde 47.82. Sehemu ya matayarisho yake aliifanya Kabale, katika vilima vya kusini-magharibi, akikimbia na kuruka viunzi huku amevaa fulana iliyotiwa uzito. Mtu wa magharibi ya Uganda aliyemwona kijana yule akibeba mzigo bila ya kulazimishwa na bila ya kulipwa, mzigo usiokwenda sokoni wala vitani, aliona kitu kipya katika tarikhi ya nchi yake.

Basi kijana wa leo amerithi mambo mawili pamoja, hiari ya Akii-Bua na chuma cha Kilembe, na kwa hayo mawili amejitengenezea vyombo. Kama ilivyo desturi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ekseli ya gari bovu huwa mtaimbo. Gurudumu la meno na diski za breki huwa vyuma vya pembeni. Na vile visivyopatikana humiminwa kwa zege. Hapo Kasese imejaliwa, kwani kiwanda cha saruji cha Hima kimo katika wilaya hiyo hiyo. Zege lililochanganywa vizuri na kokoto na mchanga hupata kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo, hata debe la lita 20 likijazwa huwa na kilo zinazokaribia 48, na kopo la rangi la lita 4 hukaribia kilo 10. Kwa hiyo uzito si tatizo la maskini. Tatizo lake ni pale pale pa wahenga wake, kutwika na kutua, na ndipo fedha yake chache inapopasa kwenda.

Stendi ya bei nafuu kuliko zote haina chuma hata kidogo. Ni nguzo mbili za mkaratusi zenye panda, zilizozikwa ardhini kiasi cha theluthi moja ya urefu wake na kushindiliwa kwa zege, na huko Bwera, ambako mikaratusi ni mingi, sioni haya kuisifu: haipinduki, haitikisiki, na hasara yake ni mchwa, ambao huzuiwa kwa lami au mafuta machafu ya gari, na kwamba kimo chake hakibadiliki, hivyo ndugu wawili wasiolingana urefu hawawezi kuitumia pamoja.

Anayetaka ya chuma, aende kwa fundi na vipimo, wala asimwachie akadirie. Mtaimbo wa mashindano una urefu wa mita 2.2 na unene wa milimita 28 au 29, na nafasi iliyo kati ya vizuizi vyake vya ndani ni mita 1.31, nguzo basi zisipite upana huo, la sivyo vyuma vya pembeni vitazigonga, wala zisiwe nyembamba kiasi cha kubana mikono, na mita 1.1 hadi 1.2 hufaa. Bomba la mraba linalotumika kwa fremu za madirisha ni jepesi mno. Aombe la milimita 50 lenye ukuta wa milimita 3, ambalo kila mita yake huwa na zaidi ya kilo 4, na auhisi uzito huo mkononi kabla ya kulipa. Ndoana ziwe chini kidogo ya mabega, karibu na usawa wa katikati ya kifua, kwa sababu mtu anayelazimika kusimama kwa vidole ili aurudishe mtaimbo, hali miguu yake imekwisha nguvu, amewekewa mtego. Nyayo za chuma ziwe ndefu mbele na nyuma, maana mtaimbo hurudishwa kwa msukumo, na nguzo mbili zisiunganishwe kwa juu tu bali na kwa chini. Mshono wa kuchomelea uzunguke pande zote nne. Fundi mwenye haraka hushikiza kwa nukta chache, kisha rangi ikaficha.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji elimu ya uhandisi. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko minne ikifungwa kwa kamba na kuning'inizwa juu ya mtaimbo ulio kwenye ndoana, ikaachwa usiku kucha, itaonyesha asubuhi kama nguzo zimepinda au mshono umefunguka, na fundi mwaminifu hatakataa jaribio hilo lifanyike karakanani kwake.

Limesalia jambo moja ambalo wengi huliacha kwa kubana matumizi, nalo ni mikono miwili ya chuma itokayo kwenye nguzo kuelekea mbele, chini kidogo ya mahali mtaimbo unapofika mtu akiwa amechuchumaa hadi mwisho. Kwenye kizimba cha York kazi yake hufanywa na vyuma vinavyopitishwa kwenye matundu. Mtu afanyaye mazoezi peke yake nyumbani hana mwenzake wa kumtua, na siku mapaja yatakapokataa kuinuka, mikono hiyo ndiyo itakayopokea mzigo badala ya shingo yake. Kwa hiyo fedha ikiwa haitoshi kwa vyote, na apunguze rangi, na apunguze vyuma vya pembeni vya kununua akatumia vya zege, na apunguze hata urefu wa nguzo. Mikono hiyo ifanywe kwanza, ifanywe kwa bomba zito kuliko yote aliyo nayo fundi, na mifuko minne ya saruji ianze kuangushwa juu yake kabla ya mtu yeyote kuingia chini ya mtaimbo.